Ng'ombe Walikwenda kwa Nani? Historia ya Kumbukumbu za Ukoo Bariadi

Kijana wa Kisukuma aliyezaliwa Usangu au Mpanda akifika Bariadi kutafuta kwao, wazee hawaanzi na cheti chake cha kuzaliwa. Wanamuuliza ni mwana wa nani. Akijibu, wanamuuliza huyo naye ni mwana wa nani. Akikwama kwenye jina la tatu, kama wengi wetu tunavyokwama, mzee mmoja hubadili njia: bibi yako aliolewa kwa ng'ombe? Na hao ng'ombe walikwenda kwa nani?

Anayesikia swali hilo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani mzee ameacha habari ya ukoo akaingia habari ya mali. Hajaacha kitu. Katika nchi ya Wanyantuzu, Wasukuma wa upande huu wa Bariadi, ukoo ulitunzwa zizini miaka mingi kabla ya kufika daftari lolote. Daftari lilipokuja, kila aliyelishika aliandika kile alichokihitaji yeye: mmisionari aliandika roho, karani wa kodi vichwa, na ofisa wa kijiji kaya. Hakuna aliyeandika ukoo kwa ajili ya wenye ukoo.

Kabla ya 1875: waliotema pori

Nchi iliyo leo mkoa wa Simiyu ilikuwa mkusanyiko wa tawala ndogondogo: Ntuzu, Dutwa, Kanadi, Itilima, Mwagala, Meatu na nyinginezo. Kila moja ilikuwa na ntemi wake, na cheo hicho chenyewe kinahusishwa na kutema, yaani kukata pori na kufungua nchi. Makao ya ntemi yaliitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili kimelibeba hadi kwenye lango la Rais.

Mtafuta ukoo akidai damu ya kitemi, na wanaodai ni wengi kuliko watemi waliowahi kuwapo, ajue jambo moja mapema. Kwa desturi ya zamani utemi haukutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wazee wa baraza la kumchagua ntemi, banang'oma, walimtafuta mrithi kati ya wana wa mabinti wa ukoo wa kitemi. Mtoto wa ntemi mwenyewe alibaki mtu mwenye heshima tu, na kiti kikaenda kwa mtoto wa dada yake. Urithi wa baba kwa mwana ulishika nguvu baadaye, katika nyakati za ukoloni. Orodha ya watemi inayosomeka kama ngazi ya baba na mwana tangu kale kabisa imeandikwa kwa macho ya karne ya 20.

Kwa watu wa kawaida mambo yalienda kwa upande wa baba, lakini kwa sharti. Mwanamume aliyetoa ng'ombe wa mahari, watoto walikuwa wake. Asiyetoa, watoto walibaki kwa wazazi wa mama yao, wakakua huko, wakarithi huko na kuitwa kwa jina la babu yao mzaa mama. Baba huyo akipata mifugo baadaye angeweza kwenda kuwakomboa kwa ng'ombe. Ndiyo maana mstari wa majina unaoonekana umenyooka, fulani wa fulani wa fulani, unaweza kuwa umepinda katikati pasipo alama yoyote: jina la tatu ni la baba wa mwanamke.

Tena ng'ombe hao hawakuishia kwa mkwe mmoja. Waligawanywa kwa baba wa binti na ndugu zake, na mara nyingi kaka yake binti aliwachukua haohao akaenda kuoa. Ndoa ikivunjika, madai yalirudi kwa njia ileile waliyopita, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo watu walikumbuka. Walikumbuka rangi, pembe, idadi ya ndama, nani alishuhudia na nani aliahidi mtamba ambaye hakufika. Mzee asiyejua jina la baba wa babu yake aliweza kukutajia ng'ombe mwekundu aliyetoka kwenye ndoa ya shangazi, na kwa ng'ombe huyo ukaunganisha nyumba tatu. Deni lilifanya kazi ya karani.

Majina nayo yalibeba habari. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye anayewafuata. Mabula na Kabula wanatoka kwenye mvua, Malimi na Limi kwenye jua. Kashinje alitanguliza miguu kutoka tumboni. Ukikuta Shija katika ukoo wako, nyuma yake tafuta mapacha, hata kama hakuna anayewataja. Mara nyingi walifariki wachanga. Mengine yalitoka kwa masamva, wahenga, pale mfumu, yaani mganga, alipoagua kwamba mtoto anayelia usiku anadai jina la fulani. Basi jina la babu liliruka vizazi viwili likaibuka tena, na anayechora mti wa ukoo leo hujikuta na watu watatu wa jina moja asijue nani ni nani.

1875–1892: mto waandikwa, zizi lakauka

Februari 1875 Henry Morton Stanley alipita Usukuma akielekea Ziwa Victoria. Aliuandika mto uitwao Simiyu kwa tahajia yake, Shimeeyu, akiamini amepata mkono wa kusini kabisa wa maji ya Nile. Hilo ni moja kati ya majina ya kwanza ya nchi hii kuingia kwenye ramani za Ulaya, na ndilo jina ambalo miaka 137 baadaye lingepewa mkoa mzima. Watu wa kando ya mto hawakuandikwa majina.

Pigo lililofuata halikuja na kalamu. Kuanzia mwaka 1890 hivi sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kuua ng'ombe kwa makundi. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro na nyika za Serengeti mwaka 1892 hadi kutokea ziwani, aliwakuta Wamaasai wakiwa mifupa mitupu kwa njaa baada ya mifugo yao kuisha. Usukuma iliyo upande wa pili wa nyika hizo haikusalimika na ugonjwa huohuo.

Wanahistoria huhesabu sotoka kama maafa ya uchumi. Kwa anayetafuta ukoo yalikuwa pia maafa ya kumbukumbu, kama vile masjala imeungua. Ng'ombe waliounganisha nyumba na nyumba walikufa na madeni yao. Kulikokosekana ng'ombe, mahari ilibidi itafutwe kwingine, kwenye mbuzi na majembe ya chuma, au isitolewe kabisa, na watoto wa ndoa hizo wakabaki kwa kina mama. Koo nyingi zikihesabiwa kurudi nyuma zinafika kwenye miaka hiyo na kuanza kuyumba. Sidhani ni bahati mbaya.

1888–1919: daftari la roho

Kanisa la kwanza kutia mizizi ndani ya eneo la Simiyu ya sasa lilikuwa Nassa, pwani ya ziwa, leo wilayani Busega. Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS walijenga kituo hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa wamisionari wa Africa Inland Mission, chimbuko la kanisa la AIC la sasa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wasabato waliotumwa kutoka Ujerumani walikuwa wamefika Kanadi na Ntuzu. Wakatoliki waliingia kupitia Mapadre Weupe, na katika miaka ya 1950 eneo la Shinyanga likawa mikononi mwa mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani.

Tofauti za madhehebu haya si za ibada tu. Zinabadilisha kile unachoweza kupata. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki kina jina la mtoto, baba, mama, mdhamini na tarehe, na pembeni mwa mstari huongezwa kipaimara na ndoa yake baadaye. Mstari mmoja unaweza kufungua vizazi viwili, na mama yumo kwa jina lake, jambo ambalo usilitarajie kwenye karatasi za serikali za wakati huo. AIC na Wasabato hubatiza mtu mwenye akili zake, hivyo tarehe yao haisemi alizaliwa lini. Mtu wa miaka arobaini na kijana wa kumi na sita wanaweza kuwa ukurasa mmoja, siku moja, kando ya bwawa moja.

Pia ubatizo ulileta majina ya pili. Mabula akawa Petro, Shija akawa Yohana. Kanisani aliitwa hivi, nyumbani vile, na karani wa kodi aliandika alichosikia.

Halafu vita. Waingereza waliteka Mwanza Julai 1916, na kwa miaka ile majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa migongo ya wapagazi. Wengi hawakurudi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa babu mkubwa "alienda na vita", na hadithi ikaishia hapo, usiwalaumu wazee kwa usahaulifu.

1920–1961: kodi, mahakama na bwana Cory

Waingereza waliweka sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920, lakini usajili huo haukufika kwa Waafrika walio wengi wa vijijini. Kilichofika ni kodi. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya ntemi, alijua kila mwanamume anayelipa na nyumba alizonazo. Mwanamume alikuwa jina, wake zake walikuwa nyumba. Bibi zetu waliingia kwenye hesabu ya dola kama mapaa ya nyasi.

Afadhali mahakama za watemi. Kesi nyingi zilikuwa za mahari na talaka, na kesi ya mahari haiwezi kusikilizwa bila kutaja nani mwana wa nani, nani alipokea na mbele ya nani. Ile hesabu ya zizini ikapata kwa mara ya kwanza mtu wa kuiandika, ingawa kwa sababu ya ugomvi.

Aliyejaribu kuikusanya yote alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika. Mwaka 1951 alitoa kitabu kuhusu utemi wa Wasukuma, na mwaka 1953 kingine kuhusu sheria na desturi zao. Karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika historia za tawala na orodha za watemi, vinatafutwa kwenye Nyaraka za Taifa, jijini humohumo. Anayekwenda huko asiombe jalada la Bariadi. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, na Maswa ndani ya Jimbo la Ziwa. Baadaye ikawa mkoa wa Shinyanga. Watu wengi wameambiwa "hakuna kitu" kwa sababu tu waliuliza kwa jina la leo.

Tahadhari moja kuhusu Cory na wenzake. Walihoji watemi na washauri wao, wanaume wazima wenye jambo la kulinda, nao waliandika kile ambacho ikulu ilitaka kisemwe. Orodha zao ni msaada mkubwa kwa koo za watawala. Mkulima wa pamba wa Dutwa hatajikuta humo.

1963: mwaka wa sheria mbili

Kama kuna mwaka uliogeuza namna ukoo unavyohesabiwa Usukumani, kwangu ni 1963. Mwaka huo Tanganyika huru ilifuta utemi. Pamoja nao yalikwenda mabaraza ya banang'oma, watu ambao kazi yao ilikuwa kujua uzao. Hawakufukuzwa na mtu. Hawakuwa tena na wa kumchagua, na mtu asiyeulizwa husahau, au hufa na alichonacho.

Mwaka huohuo serikali ilitangaza sheria ya mila iliyounganishwa kwa makabila ya upande wa baba, kazi ambayo Cory alikuwa ameishika hadi alipofariki mwaka 1962. Ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu mtoto wa nje ya ndoa: baba akitaka kumhalalisha bila kumwoa mama, amlipe babu mzaa mama shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ng'ombe wa kukomboa mtoto akageuka noti. Noti haina rangi wala pembe, haizai ndama, na hakuna anayeikumbuka baada ya miaka hamsini.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ikamaliza upande wa pili kwa kutambua ndoa hata kama mahari haikulipwa. Kwa haki za wanawake na watoto hatua hizo zilikuwa na mantiki, na sijutii kwamba mtoto hauzwi tena kati ya mazizi mawili. Nasema tu kwamba tangu hapo uzao na ng'ombe viliachana mkono kisheria, na aliyezaliwa baada ya hapo anahitaji ushahidi wa aina nyingine.

1974: matongo

Wasukuma hawakuishi kwa safu za nyumba. Kila kaya ilikaa peke yake ndani ya ua wa minyaa, na zizi katikati, shamba likizunguka, majirani mbali kidogo. Kwa desturi mzee wa kaya alizikwa hapohapo nyumbani, zizini au kando yake, amefungwa katika ngozi ya ng'ombe. Kaburi halikuhitaji jiwe lenye maandishi, maana waliolizunguka walimjua aliyelala.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni ilifika mkoa wa Shinyanga, Bariadi ikiwamo, mwaka 1974. Watu walihamishiwa kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara. Waliobomolewa nyumba walibeba nguzo na milango. Makaburi hayakubebeka.

Palipoachwa panaitwa itongo, na mengi ni matongo. Ardhi yake ina rutuba kwa samadi ya miaka mingi, kwa hiyo hayakukaa muda mrefu kabla ya kulimwa. Wengine walirudi polepole kulima kwao, na wengine walikuta mwingine anapalilia pamba juu ya babu yao. Kizazi kilichokuwa kinaonyeshwa kaburi kila kilipokwenda kuchunga kikakua bila kulipita. Kumbukumbu ya ukoo ilikuwa imeshikwa na mahali. Mahali palipoondolewa, ilibaki kwenye vichwa vya wachache.

Lakini operesheni hiyo iliacha tarehe. Muulize mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa kama alikuwa anachunga au ameoa wakati wa vijiji, nawe utapata miaka mitano ya kuegemea. Makarani wa sensa hutumia ujanja huohuo: nzige wa miaka ya 1930, mvua kubwa za Uhuru, vijiji, vita vya Idi Amin, njaa ya 1984, mvua za El Niño. Bibi aliyezaa mwanawe wa kwanza nzige walipokuwa wamefunika mtama ana tarehe nzuri kuliko kitambulisho chenye "1 Januari".

Kusini, na kurudi

Tangu miaka ya 1970 Wasukuma walianza kushuka kusini na mifugo yao wakitafuta malisho: Tabora, Rukwa, Mpanda, Usangu, bonde la Kilombero, hadi Lindi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, wakatawanyika tena. Hivyo ukoo mmoja wenye asili ya Ntuzu una wajukuu Sumbawanga, Ifakara na Kilwa ambao hawajawahi kuuona mto Simiyu. Wanaokwenda huko hubeba mifugo na majina, lakini wazee wa kuulizwa hubaki nyuma.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake Bariadi, ukikusanya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Katika muda huohuo vyeti vya kuzaliwa vya RITA na namba za kitambulisho za NIDA vimefika vijijini, navyo vimegandisha kitu ambacho zamani kilitembea. Jina la Kisukuma lilikuwa la kusogea: Masanja mwana wa Mabula, mwana wa Shija, mtoto wa Masanja angemwacha Shija nyuma na kuanza na baba yake. Fomu inataka jina la ukoo lisilobadilika. Matokeo yake, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliyeandikishwa shule kwa jina la baba na mwingine kwa jina la babu, wana majina ya ukoo tofauti, na siku ya mirathi wanatakiwa kuapa kwamba ni ndugu.

Vinasaba navyo vipo, chini ya sheria ya 2009 na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hutumika zaidi mahakamani na ustawi wa jamii, baba akikana mtoto. Vinaweza kusema nani alimzaa nani. Nani alitoa ng'ombe, na kwa hiyo mtoto alikulia zizi la nani na kuomba kwa masamva ya nani, hilo halimo kwenye mate.

Kwa hiyo wanaotafuta leo wanachanganya. Kundi la WhatsApp la ukoo hutuma sauti ya mzee wa miaka themanini akitaja majina, na mtu wa Mbeya anaandika. Mwenye bahati anapata mstari kwenye kitabu cha parokia. Wachache wanafika Dar es Salaam kusoma majalada ya Maswa. Walio makini huanza na bibi, kwa kuwa yeye anajua ndoa mbili: iliyomtoa kwao na iliyomleta hapa.

Hatua ya mwisho huwa ya miguu. Mzee anatangulia na fimbo katikati ya pamba mpaka kwenye mstari wa minyaa uliosimama peke yake, haujazunguka kitu. Anaonyesha: hapa lango, kule vihenge, mama mkubwa alikaa upande huu. Anapofika palipokuwa zizi anasimama, anavua kofia, anaanza kutaja majina, na kijana aliyetoka Mpanda anatoa simu mfukoni kurekodi.